Rauta yangu ilikuwa inaishi saa za China

Mwezi uliopita nilinunua rauta Kariakoo nikaichomeka kwenye kile kiboksi walichotufungia watu wa intaneti, maana kiboksi chenyewe hakina sehemu ya kuwabana watoto na wa kwangu wakishika tablet kulala ni ugomvi. Nikaifunga mwenyewe, nikaweka ratiba, tablet za watoto na TV ya sebuleni intaneti ikatike 21:00 irudi 06:00. Nikajiona fundi kweli kweli.

Kesho yake saa kumi jioni watoto wametoka shule, net hamna. Simu yangu inasoma vizuri, laptop poa, ila tablet na TV ndo zimekufa. Nikazima rauta nikawasha, wapi. Nikapiga huduma kwa wateja, dada wa watu akaniambia kwa upole "baba, laini yako huku naiona iko sawa", mi nikaona ananizungusha tu (dada kama unasoma hapa nisamehe). Saa moja usiku mama watoto akawasha TV aangalie tamthilia yake, hamna kitu, akaniangalia af akanyamaza. Bora angeongea.

Usiku nikaamka saa saba na nusu kunywa maji, naona mwanga chini ya mlango wa watoto, dogo kajifunika shuka na tablet ndani, net inapiga kazi kama kawa. Nikambana akasema baba mbona inarudi yenyewe kila saa saba, jana pia ilirudi! Yani yeye ratiba keshaijua, mimi niliyeiweka ndo sijui.

Nikahesabu, inakatika saa kumi jioni inarudi saa saba usiku, masaa tisa, na masaa tisa ndo yale yale niliyoweka mimi. Kwa hiyo ratiba inafanya kazi, ila imehama.

Nikampigia shemeji yangu ambaye ndo mtu wa mambo haya, akacheka, "Shem we umeandika saa za Kiswahili humo." Ni kosa la kweli hilo, mtu anataka saa tatu usiku anaandika 3:00 af analaumu mashine. Nikamwambia shem nimeandika 21:00, na tena kosa la saa za Kiswahili siku zote ni masaa sita, mimi nimetaka saa tatu usiku imekatika saa kumi, hayo ni matano. Akanyamaza kidogo. "Humo ndani ya rauta sasa hivi ni saa ngapi?"

Sikuwahi kuangalia. Nikaingia 192.168.0.1 (anwani ya ukurasa wa mipangilio wa rauta yangu) kwenye sehemu ya muda, tarehe sawa, dakika sawa, saa iko mbele masaa matano. Taimu zoni imeandikwa GMT+8, Beijing! Sisi ni GMT+3. Imetoka kiwandani hivyo na mi sikuigusa. Shemeji akanieleza kwamba rauta inachukua muda kwenye seva za NTP, yani kompyuta za mtandaoni kazi yake ni kutoa saa sahihi, na seva zinaleta ule muda mmoja wa dunia nzima, UTC, kujumlisha masaa ya nchi yako ni juu ya rauta yenyewe. Ndo maana ukiona dakika ziko sawa ila masaa yamehama, moja kwa moja angalia zoni.

Hapo ningebadilisha zoni yakaisha, lakini ujuaji, nikazima NTP nikaandika saa kwa mkono. Ikakaa siku nne. Jumamosi umeme ukakatika asubuhi ukarudi saa tano, usiku saa tano nasikia katuni bado zinaunguruma sebuleni. Kufungua rauta, inasema ni saa mbili usiku, tarehe 1 Januari 1970. Kumbe rauta nyingi za nyumbani hazina ile betri ya kutunza saa kama ya kompyuta, zikizimika zinasahau saa na tarehe zinaanzia sifuri, na sifuri ya mashine hizi ni saa sita usiku, yani 00:00, ya tarehe hiyo kwa UTC, ukijumlisha nane za Beijing yangu inaamka saa mbili asubuhi ya 1970. Umeme ulirudi saa tano, kwa hiyo siku nzima ilikuwa nyuma masaa matatu na watoto walikuwa na haki yao mpaka saa sita usiku.

Nikarudisha NTP, seva nikaandika pool.ntp.org na ya akiba time.google.com, zoni nikaweka GMT+3 (kwenye orodha Dar hamna, kuna Nairobi, ni ile ile), na ile tiki ya kusogeza saa kiangazi nikaitoa maana huku kwetu hatuna mambo hayo na ukiiacha inaweza kukuhamisha lisaa lizima. Nikachomoa waya makusudi nikachomeka, ikaamka 1970, net ilipokamata ikaruka yenyewe mpaka leo. Ya kwako ikiganda 1970 wakati net ipo, jaribu seva nyingine kwanza, ikigoma bado kuna kitu huko mbele kinazuia UDP 123 (mlango wa mtandao ambao NTP inapitia), waulize wanaokupa intaneti.

Sasa hivi inakatika saa tatu kamili. Mama watoto kaniambia TV niitoe kwenye ratiba, tamthilia ya pili inaanza saa tatu na nusu. Nimeitoa.