Mabingwa wa London Hawatarudia, na Nina Haki ya Kulisema Hilo

Juzi usiku kazini, wakati wa mapumziko, nilisema kwamba London Knights, timu ya hoki ya barafu ya mji ninaoishi, hawatachukua ubingwa msimu ujao wa 2025-26. Nilitoa maoni yangu kama mkazi yeyote anavyoizungumzia timu ya mji anaoishi na kulipia kodi. Mwenzangu mmoja, mzaliwa wa hapa, akaniuliza kama huko kwetu barafu tunaiona wapi zaidi ya kwenye friji. Meza nzima ikacheka. Nilimalizia chai yangu nikarudi kwa wazee wangu wodini, lakini mpaka nafika nyumbani alfajiri roho ilikuwa haijatulia.

Kwa mlio nyumbani, London ninayoishi si ile ya Uingereza. Ni mji wa Ontario, Kanada, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Toronto. Una Mto Thames wake na soko lake la Covent Garden, na jirani na soko hilo kuna uwanja wa Canada Life Place, unaochukua watu kama 9,000. Mpaka mwaka 2024 uliitwa Budweiser Gardens, na wenyeji wengi bado wanauita Bud. Hapo ndipo Knights wanapocheza hoki ya barafu. Ni vijana wa miaka 16 mpaka 20, si watu wazima, lakini Ijumaa ya Januari theluji ikivuma kutoka Ziwa Huron na mabasi hayaji, uwanja ule unajaa vilevile.

Aliyenifundisha mchezo huu ni mzee mmoja ninayemhudumia. Nilipoanza kazi alikuwa hasemi na mtu. Nikiingia na dawa zake usiku wa mechi, ananionyesha kiti. Anapanga pakiti za sukari kwenye sinia: hizi mbili mabeki, hizi tatu washambuliaji, kifuniko cha chupa ndiyo kile kisahani cha mpira mgumu wanachokigombania, kikombe cha dawa ndiye kipa. Anavisogeza kwa kidole kimoja kinachotetemeka mpaka nielewe kwa nini beki amepanda na nani alitakiwa kubaki nyuma kumfunikia. Yule mzee hajawahi kuniuliza barafu nimeiona wapi. Alinikalisha akanifundisha, kwa sababu aliona napenda kujua. Hizo ndizo nchi za watu: siku hiyohiyo unakutana na wa kukukatisha tamaa na wa kukuvutia kiti.

Sasa nieleze nilichokisema mezani, maana sikukisema kwa kubahatisha.

Knights ni mabingwa. Mei 2025 walichukua ligi ya Ontario kwa mara ya pili mfululizo kwa kuwafunga Oshawa kwenye fainali, na tarehe 1 Juni, kule Rimouski, Quebec, wakachukua Kombe la Memorial kwa kuwafunga Medicine Hat Tigers 4-1. Kombe hilo lilianzishwa 1919 kuwakumbuka Wakanada waliokufa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwaka linagombaniwa na timu nne tu: bingwa wa Ontario, bingwa wa Quebec na mikoa ya mashariki, bingwa wa magharibi, na mwenyeji. Mwaka mmoja kabla, kule Saginaw, Michigan, London walikuwa nyuma mabao matatu kwenye fainali, wakarudisha yote, kisha wakafungwa la nne zikiwa zimebaki sekunde 22. Kwa hiyo ushindi wa Rimouski ulikuwa deni lililolipwa, na niliufurahia kama ninavyofurahia wa timu yangu ya nyumbani.

Lakini hebu tuangalie ni nani aliyeuleta ushindi huo. Mchezaji bora wa mashindano alikuwa Easton Cowan, ambaye Toronto, klabu ya ligi kuu ya NHL, walimchagua wa 28 kwenye drafti ya 2023, yaani siku klabu hizo zinapochagua vijana kwa zamu. Mwaka huohuo Philadelphia walimchukua beki Oliver Bonk, wa 22, na Denver Barkey kwenye raundi ya tatu. San Jose walimchukua Mfini Kasper Halttunen, wa 36. Mwaka 2024 San Jose haohao wakarudi kumchukua beki Sam Dickinson, wa 11, na Edmonton wakamchukua Sam O'Reilly, wa 32, ambaye Julai 2025 haki zake zilihamishiwa Tampa Bay. Hapo ndipo palikuwa na nguvu ya timu: vijana waliokwisha kuchaguliwa na klabu kubwa, wakarudishwa London wakomae.

Watu wa nyumbani mnafikiri kijana akichaguliwa kwenye drafti ya NHL basi kesho yake ni tajiri. Sivyo. Kila mwaka klabu 32 zinachagua vijana 224 kwa raundi saba, wengi wao wa miaka 18. Klabu inapata haki ya kumsajili, basi. Wengi wao msimu unaofuata wanarudi kwenye timu zao za vijana kuishi na familia zilezile zinazowapa chumba na chakula. Tena kwa mkataba uliokuwepo msimu wa 2025-26 kati ya NHL na ligi hizi, kijana wa miaka 18 au 19 aliyetoka huku kwa kawaida hakuweza kupelekwa kwenye ligi ya daraja la pili ya watu wazima: ama acheze NHL yenyewe, ama arudishwe kwenye timu yake ya vijana. Ndiyo sababu London walikuwa na watu wazito kiasi kile.

Kisha umri unafika. Cowan, Bonk, Barkey na Halttunen wote wametimiza miaka 20 mwaka 2025, sasa wanaweza kwenda daraja la pili, na klabu zao zimewasubiri vya kutosha. Timu ya vijana inaruhusiwa wachezaji watatu tu wenye miaka 20. Simba au Yanga wakishinda ligi, kinachowatoa wachezaji ni dau la klabu nyingine au mkataba kuisha. Hapa kinachowatoa ni kalenda, na kocha hana wa kumbembeleza.

Halafu tazama drafti ya Juni 2025. Wa kwanza alikuwa Matthew Schaefer wa Erie Otters, amekwenda New York Islanders. Wa pili Michael Misa wa Saginaw. Wa sita Porter Martone wa Brampton. Hao wote ni wa ligi hiihii ya Ontario, wapinzani wetu. London, bingwa wa nchi nzima, tumetoa mmoja tu kwenye raundi ya kwanza: beki Henry Brzustewicz, kijana kutoka Michigan, wa 31, amekwenda Los Angeles. Ni beki mzuri, anapiga pasi ya kwanza bila papara, na nampenda sana. Lakini mmoja ni mmoja. Drafti ya mwaka huu ndiyo inayokuambia nani atabeba timu mwaka kesho na mwaka kesho kutwa, na jina letu limeonekana mkiani mwa raundi. Hilo ndilo nililowaambia wenzangu kabla hawajacheka.

Historia nayo iko upande wangu. Knights walichukua ligi 2005, wakakaa mpaka 2012. Wakachukua 2012 na 2013 mfululizo, hilo la 2013 kwa bao la Bo Horvat mechi ya saba ikiwa imebaki sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwaka uliofuata, 2014, wakaandaa Kombe la Memorial hapahapa nyumbani, mbele ya watu wao, wakafungwa mechi zote tatu. Wakachukua tena 2016, wakiwa na Mitch Marner na Matthew Tkachuk, kisha kimya mpaka 2024. Kila kilele kimefuatwa na bonde. Anayesema mwaka wa tatu mfululizo ni hakika anazungumza kwa mapenzi, na mapenzi hayamzuii kijana kutimiza miaka 20.

Hata hivyo siwakatii tamaa, maana London hawaanguki mpaka chini. Msimu wa 1995-96 timu hii ilishinda mechi tatu tu na kufungwa 60. Mwaka 2000 ndugu wawili kutoka familia ya wakulima wa Petrolia, Dale na Mark Hunter, waliinunua. Dale ni kocha, Mark ndiye anayetafuta vijana. Msimu wa 2004-05 walianza kwa mechi 31 bila kufungwa na kumaliza kwa kumfunga Sidney Crosby na Rimouski yake 4-0 kwenye fainali ya Kombe la Memorial. Kutoka hapa Patrick Kane alichaguliwa wa kwanza 2007. Mzazi yeyote mwenye mtoto mwenye kipaji anajua hilo, kwa hiyo vijana wanataka kuja, na timu ikipungukiwa inaipa timu nyingine zamu zake za kuchagua vijana miaka ya mbele na kumleta mtu anayehitajika leo.

Kinachonitia wasiwasi ni vyuo vya Marekani. Zamani kijana akicheza mechi moja kwenye ligi hizi za Kanada alijifungia mlango wa kucheza hoki ya chuo Marekani. Novemba 2024 walibadilisha sheria hiyo, na Agosti 2025 mabadiliko yakaanza kutumika. Gavin McKenna, nyota wa Medicine Hat tuliyemfunga Rimouski, ambaye wengi walimtaja kuwa wa kwanza kwenye drafti ya 2026, alitangaza Julai 2025 kwamba anakwenda chuo cha Penn State. Martone naye akachagua chuo cha Michigan State. Kwa London ina faida, maana kijana wa Michigan hana tena hofu ya kuvuka mpaka akiwa na miaka 16. Ila ile miaka 18 na 19, ambayo ndiyo London ilikuwa inashindia makombe, sasa ina mwenye kuigombania.

Na kuhusu barafu ya friji. Nairobi ulifunguliwa uwanja wa barafu Panari, Mombasa Road, mwaka 2005. Timu ya Kenya, Ice Lions, ililetwa Kanada mwaka 2018 na ikacheza ikiwa na nyota wa NHL, Crosby na Nathan MacKinnon, ndani ya jezi zake. Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria, alilichukua Kombe la Memorial mara mbili na timu ya Kamloops, 1994 na 1995, na leo yumo kwenye Jumba la Heshima la hoki. Mwanawe Tij alichaguliwa wa sita kwenye drafti ya 2024, akiwa anachezea timu ya Kelowna, magharibi mwa Kanada. Akim Aliu, mzaliwa wa Nigeria aliyepita Windsor hapa jirani, mwaka 2019 alisimama hadharani akaeleza maneno ya kibaguzi aliyotukanwa na kocha wake. Mwafrika amekuwa ndani ya mchezo huu muda mrefu, kwa mabao na kwa machozi.

Nyinyi mnaojiandaa kuja, hasa wenye watoto, sikilizeni. Mtoto atarudi kutoka shule siku ya kwanza akitaka kucheza hoki. Usimkatalie papo hapo, lakini usisaini kitu kabla ya kuuliza bei yote. Viatu vya barafu, kofia, kinga za mwili, fimbo zinazovunjika, muda wa barafu, safari za miji mingine. Timu za ngazi ya juu ada yake kwa msimu ni maelfu ya dola, na viatu vinabana kabla mwaka haujaisha. Anzeni na vifaa vya mkono wa pili, na kuna mifuko ya kusaidia familia zenye kipato kidogo. Ulizeni bila aibu, Wakanada wenyewe wanaulizia. Mkifika mbali, jueni pia kwamba ligi ya Ontario humlipia kijana mwaka mmoja wa masomo kwa kila msimu aliocheza. Mimi kama mama hilo naliweka juu ya drafti. Kati ya wale 224 wengi hawatakaa NHL, lakini ada ya chuo iliyolipwa imelipwa.

Na mjue timu ya mji mnaokwenda. Hata mkichekwa. Mimi nimepata marafiki wa kweli kwa Knights kuliko kwa miaka yote ya kusalimiana kwenye lifti. Tiketi za katikati ya wiki ni nafuu kuliko za Ijumaa, na juu kabisa unaona vizuri zaidi jinsi mabeki wanavyojipanga.

Utabiri wangu nauandika hapa uwepo. Mwaka 2026 Kombe la Memorial litachezwa Kelowna, kwa hiyo Kelowna nafasi yao ipo tayari na Tij Iginla anaweza kuwa nyumbani. London watafika mbali kwenye kanda ya magharibi ya Ontario, watasumbua, lakini ubingwa wa tatu mfululizo hawaupati. Kitu kimoja tu kinaweza kunibadilisha: Dickinson ana miaka 19 na hawezi kupelekwa daraja la pili. San Jose wakiona bado hajaiva kwa NHL, watalazimika kumrudisha London, na akirudi kucheza pamoja na Brzustewicz kwenye ulinzi, nitarudi kwenye ile meza ya mapumziko kuhesabu upya.