Jinsi baba alivyorudi barazani baada ya korona

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, juu ghorofani, na ngazi yake ni ile ya kizamani, nyembamba, imesimama kama ukuta. Ina vidato 17. Tangu baba alipotoka hospitali Septemba 2021, hali yake tukawa tunaipima kwa vidato hivyo.

Alikuwa na miaka 72. Korona ilimlaza siku 19 kwenye oksijeni, kisha akafanyishwa mazoezi ya viungo wodini kwa karibu wiki tatu. Aliporuhusiwa nilijua tumemaliza. Anatembea na fremu, anakula kwa mkono wake, oksijeni ya damu asilimia 96 akiwa amekaa. Tukapewa karatasi moja ya mazoezi, tarehe ya kurudi hakuna. Siku hiyo vijana wawili wa mtaani walimpandisha juu wakiwa wamembeba kwenye kiti, na baba, aliyepakua meli Kilindini miaka thelathini, alifumba macho mpaka walipomtua.

Aliyetuokoa ni binti wa jirani, mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye alijitolea kupita kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza alimkalisha baba kwenye kiti kisicho na mikono, akamwambia akunje mikono kifuani, asimame na kukaa kadiri awezavyo kwa sekunde 30. Baba alisimama mara tatu, ya nne akaanguka kitini. "Ami, mtu wa umri wako tunataka afike 12," alimwambia kwa upole. "Tutafika, lakini si mwezi huu." Akatueleza kwamba mzee akilala kitandani misuli huyeyuka upesi sana, na mapaja ndiyo hutangulia. Uji wa wimbi niliokuwa nikimpa asubuhi na jioni ulikuwa unamshibisha bila kumjenga. Tukaongeza mayai, maharagwe, samaki, mtindi. Kumlisha kulikuwa vita, maana hata mbaazi za nazi alizozipenda tangu utotoni alisema zina ladha ya karatasi. Sukari nayo ilikuwa imepandishwa na zile dawa za steroidi za hospitalini, ikabidi tuipime kila asubuhi.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu najua wengi wanalifanya. Kafyu ya usiku iliondolewa Oktoba 20, siku ya Mashujaa, na baba akatamani kuswali isha msikitini. Nikafurahi kupita kiasi. Nilimteremsha siku ya kwanza, nikamteremsha ya pili, watu wakamkumbatia, akarudi anacheka. Siku ya tatu hakuweza hata kuinua shingo kwenye mto. Mwili ulimuuma, usingizi haukuja, hata kuzungumza kukawa kazi. Siku tisa zikapita hivyo. Mimi nikawa nambembeleza, "Jikaze kidogo, baba," na kila alipojikaza alizidi kushuka.

Yule binti alipokuja hakunigombeza. Alisema uchovu wa namna hii hauondoki kwa kujikaza, na mara nyingi haumpati mtu siku ileile. Humpata kesho au keshokutwa. Ndiyo maana siku mbili zile zilituhadaa. Mwezi huohuo wa Oktoba Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa maelezo rasmi ya hali hii: dalili ambazo mtu bado anazo kama miezi mitatu tangu augue korona, zimedumu angalau miezi miwili, na hazina sababu nyingine. Nilimsomea baba. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe si uzee tu."

Tukaanza upya. Nilinunua daftari: kila siku naandika amefanya nini, na kesho yake ameamkaje. Akihisi bado ana nguvu, hapo ndipo tunapoacha. Katikati ya ngazi, kwenye kidato cha tisa, pana upenyo wa dirisha. Nikaweka kigoda hapo. Anapanda vidato vinane, anakaa, navuta pumzi naye, kuingiza kwa pua na kutoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama anapuliza kahawa. Kipimo kidoleni kikisoma chini ya 90 hatuendelei, hata kama wageni wanangoja juu.

Kilichoniumiza zaidi ya miguu ni bao. Baba alikuwa fundi wa bao, huyaona mashimo yote 32 kwa jicho moja. Desemba, rafiki yake alilileta juu wacheze. Baba akachota kete, akazitia shimo baada ya shimo, akasimama mkono ukiwa hewani. Alikuwa amesahau anaelekea upande gani. Rafiki yake alimwacha, hakumharakisha, hakumwonyesha. Walicheza dakika kumi tu wakafunga. Wakaendelea hivyo, dakika kumi, siku mbili kwa wiki, na naamini subira ya mzee yule ilimtibu baba kuliko mengi niliyofanya mimi.

Ramadhani ya Aprili 2022 daktari alimkataza kufunga; alilia. Juni alisimama kutoka kitini mara 11. Agosti, mwaka mzima tangu augue, aliteremka mwenyewe akashika ukuta, akaketi barazani na kahawa tungu mkononi, akashinda bao moja na kushindwa mawili. Baada ya hapo mabadiliko yalikuwa madogo mno, na sehemu nyingine hayakuja. Akipandisha ngazi bado anahema. Akiwa na wageni asubuhi, jioni hulala. Majina ya wajukuu wadogo huyachanganya.

Mwaka jana tulipaka chokaa ngazini nikataka kukiondoa kile kigoda. Baba alikuwa chini, akanisikia nakiburuta.

"Kiache," aliita. "Napanda sasa hivi."