Prosesa aina moja, mazabodi mbili, joto mbalimbali

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Arua, Uganda, aliniletea kompyuta mbili za mtumba, zote zina prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu) ya Intel Core 2 Duo E8400, ila mazabodi, yaani bodi kuu za kompyuta, ni za kampuni tofauti. Kwenye BIOS, programu iliyo ndani ya mazabodi inayoanza kompyuta ikiwashwa, moja ilisoma joto la nyuzi 38, ya pili 57. "Kaka, hii inaungua, nitafutie feni nyingine," akasema. Nikamjibu, "Mwalimu, feni ni hela. Ngoja kwanza tujue ipi inadanganya."

Nikapuliza vumbi (la kwetu ni jekundu, wakati wa kiangazi linaingia hata kwenye redio iliyofunikwa), nikafuta pesti iliyokauka (ile inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye kipoza chake), nikapaka mpya, kisha nikahamisha prosesa ya mashine moja kwenda nyingine. Kama joto lilikuwa la prosesa, lingehama nayo. Halikuhama. Nikahamisha na feni pia. 57 ikabaki palepale.

Namba ile ya BIOS haitoki moja kwa moja ndani ya prosesa. Kwenye mazabodi kuna chipu ndogo ya kufuatilia feni, volti na joto. Mara nyingi hupitisha mkondo mdogo wa umeme kwenye dayodi (kijisehemu ambacho volti yake hubadilika na joto) iliyo ndani ya prosesa, hupima volti, halafu BIOS huongeza au kupunguza nyuzi kadhaa kama mtengenezaji alivyoona inafaa. Kila kampuni na hesabu yake. Ndiyo maana mtu anaweza kusasisha BIOS na joto "likashuka" bila kugusa bisibisi. Mazabodi za zamani zaidi zilikuwa na kihisi chini ya soketi tu, pale prosesa inapokaa, nje kabisa ya prosesa yenyewe.

Prosesa hii ina pia vihisi vyake vya kidijitali, kimoja kwa kila kiini (sehemu ya prosesa inayofanya kazi, hii ina mbili), navyo havisemi joto ni ngapi. Vinasema zimebaki nyuzi ngapi kufikia kikomo ambapo prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Programu huchukua kikomo na kutoa nyuzi hizo zilizobaki ili kupata joto. Kwa E8400 kikomo ni 100, lakini kabla Intel haijataja kiwango hicho mwaka 2008, waandishi wa programu walikuwa wanakisia, hivyo hata programu mbili kwenye mashine moja ziliweza kupingana. Na usidhani ni mambo ya kale tu: prosesa ya Ryzen 7 1800X ya mwaka 2017 iliongezewa nyuzi 20 na watengenezaji wake wenyewe, AMD, kwenye namba inayoongoza feni.

Nikawasha Linux kutoka kwenye flashi, nikaweka lm-sensors, programu ya kusoma vihisi vya joto, nikavipa viini vyote viwili kazi nzito mpaka namba zikatulia. Nilitaka joto la juu kwa sababu vihisi vya kizazi hicho havisomi vizuri kompyuta ikiwa imetulia. Mistari ya "Core 0" na "Core 1" ilikaa karibu 62 kwenye mashine zote mbili. Mstari wa mazabodi ulisema 54 kwa moja, 75 kwa nyingine.

Nikazizima zikalala usiku kucha. Asubuhi kipimajoto cha ukutani kilikuwa 24, nikawasha na kuingia BIOS haraka. Ile ya "moto" ilianza na 39. Ile mwalimu aliyoiamini ilisoma 19! Feni haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoipuliza, kwa hiyo zote mbili zilikuwa zinadanganya, moja kwenda juu na nyingine kwenda chini.

Kilichonisumbua zaidi ni feni, kwa kuwa zinafuata namba ya mazabodi. Moja ilikuwa inapiga kelele bure, nyingine inazunguka kwa uvivu wakati kazi imepamba moto, na hiyo ndiyo niliyoiogopa. Nikaingia kwenye mipangilio ya feni, nikapandisha kiwango cha kuanzia kasi kwenye ile ya kelele, nikakishusha kwenye ile mvivu, nikarudia kazi nzito nikitazama viini tu. Mwalimu akalipia pesti na usafishaji, feni hakununua.