Siku moja gereji Tabora: gari jipya linalia, bolti hazijaguswa

Saa 12:40 asubuhi

Nilipofungua geti la gereji hapa Isevya, pikapu ilikuwa imeshafika. Dereva alikuwa amejilaza kwenye kiti, na mwenye gari, mama anayenunua asali upande wa Sikonge, amekaa kwenye benchi na bahasha mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Gari langu linalia, na walioniuzia wanasema halilii."

Gari ni dabo kabini ya dizeli, gia otomatiki, foo-wili ya kuchagua mwenyewe, kilomita elfu 11 na ushee. Ndani ya bahasha mna kijitabu cha dhamana: miaka 3 au kilomita 100,000, kimojawapo kikitangulia. Alishalipeleka kwa wakala Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 300. Fundi wa kule akalizungusha mitaa ya jirani, akaandika "hakuna tatizo lililoonekana", mama akarudishiwa ufunguo.

Sentensi hiyo nimeisoma kwenye karatasi za wateja wengi. Mara nyingi aliyeiandika hakudanganya. Mlio unaotokea kwenye kilomita 80 kwa saa hausikiki katikati ya mji kwenye 40. Ndiyo maana gari la dhamana lina kazi yake ya pekee. Hapa sitengenezi kitu. Ninachotakiwa ni kuutoa mlio kwenye masikio ya mama na kuuweka kwenye karatasi, kwa namna ambayo mtu wa Mwanza atausikia hata kama hataki.

Saa 1:15

Nilianza na dereva, kwa sababu yeye ndiye anayeishi na mlio. Unaanza kwenye kasi gani? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Gari likiwa baridi au limeshachemka? Limebeba au tupu? Alijibu vizuri kuliko wengi: kuna kuvuma kunakoanza karibu na 65, kunapamba moto kwenye 80, na kwa dakika kama ishirini za mwanzo hakupo. Halafu kuna kugonga mara moja tu, ko! gari linapoondoka baada ya kusimama.

Hizo ni sauti mbili. Kwenye karatasi ya wakala ziliandikwa kama moja, "kelele chini ya gari", na hapo ndipo shauri lilipoanza kuharibika.

Kabla sijashika spana yoyote, nilimwambia binti wa chuo cha ufundi VETA aliye mazoezini hapa apige picha bolti zote za difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma), giaboksi na propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Kiwandani bolti nyingi huchorwa mstari wa rangi baada ya kukazwa. Mstari ukiwa haujakatika, ni ushahidi kwamba hakuna aliyefungua. Picha moja kwa mbali ionyeshe namba ya gari, nyingine kwa karibu ionyeshe rangi.

Tukapima upepo wa tairi kulingana na kibandiko cha mlangoni, tukazipapasa kwa kiganja kutafuta mabonde, tukatikisa bati la kukinga joto la ekzosi, tukahakikisha foo-wili haijaachwa imeingia. Gari la namna hii halina difu ya katikati, kwa hiyo ukilitembeza kwenye lami kavu foo-wili ikiwa ndani, mfumo mzima unajikaza na kulalamika. Yote yalikuwa sawa.

Fundi jirani alipita akatushauri: "Fungua difu, mwaga oili, weka nzito zaidi, itanyamaza." Itanyamaza kweli, kwa muda. Kuna waliokuwa wakitia hata maganda ya ndizi au unga wa mbao kwenye difu ili wauze gari. Lakini bolti moja tu ikiguswa, wakala ana haki ya kuuliza nani kafungua na kaweka nini, na mama atabaki na difu mbovu pamoja na kijitabu kisichomsaidia. Nilimkatalia kwa heshima. Kwenye hili sirudi nyuma.

Saa 3:00 asubuhi

Tulishika barabara ya Nzega. Lami ni ndefu, imenyooka, na asubuhi hakuna msongamano. Dereva aliendesha, mimi nikakaa nyuma, binti akashika simu mbele. Kasi tuliisoma kwa GPS, kwa sababu saa ya dashibodi kwa kawaida huonyesha zaidi kidogo. Redio tukazima, na feni pia.

Kwa muda, kimya kama alivyosema. Tulipokaribia Isikizya, oili ikiwa imeshapata moto na kuwa nyepesi, mlio ukaanza. Hapo ndipo starehe ya kazi hii ilipo.

Kwanza tairi. Mlio wa tairi hubadilika barabara inapobadilika. Tulipita kwenye kiraka cha lami yenye kokoto kubwa, sauti ya tairi ikapanda, lakini mvumo wetu ulibaki pale pale. Tairi zikatoka kwenye orodha.

Pili beringi za magurudumu. Ukiyumbisha gari taratibu kulia, uzito unahamia kushoto, na beringi mbovu ya kushoto hupaza sauti. Kinyume chake vilevile. Tuliyumba huku na huku, hakikubadilika kitu.

Tatu, mguu. Dereva akikanyaga kidogo tu kushikilia 80, linavuma. Akiachia kabisa, kimya. Akiweka nyutro kwenye kasi ileile, kimya. Kwa hiyo mlio unafuata mzigo, yaani nguvu inayosukuma gari, na gia ndizo zinazobeba mzigo huo. Lakini gia zipi? Tulishikilia 80 kwenye gia mbili tofauti, injini ikizunguka kwa kasi mbili tofauti, na mlio ukabaki uleule. Basi si injini wala gia za ndani ya giaboksi. Ni kitu kinachokwenda na magurudumu.

Hesabu ikamalizia. Tairi ni 265/65 R17, mzunguko wake ni kama mita 2.44. Kwenye 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22.2 kwa sekunde, na gurudumu linazunguka kama mara 9.1. Uwiano wa difu ni 3.909, yaani kraunwili, gia kubwa inayozungusha magurudumu, ina meno 43, na pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, ina meno 11. Zidisha 9.1 kwa 43: meno yanakutana kama mara 391 kila sekunde. Programu ya simu inayochora masafa ya sauti ilionyesha kilele kimoja kirefu karibu na 390. Tukashuka hadi 70, ambapo hesabu inadai 343. Kilele nacho kikateremka mpaka hapo.

Binti aliitazama simu, akanitazama. "Fundi, ni meno ya difu yenyewe."

Ni yenyewe. Pinioni na kraunwili hazigusani inavyotakiwa upande wa kusukuma. Huenda zilipangwa vibaya kiwandani, huenda beringi ya pinioni imelegea, lakini hilo ni la wakala kuligundua akiifungua kwa mkono wake.

Saa 5:30

Gari likapanda stendi. Tuliziweka chini ya ekseli, si chini ya chesi. Ukiinua kwa chesi, ekseli inaning'inia, pembe za krosi, vile viungo vya propela, zinabadilika, na utasikia makelele ambayo barabarani hayapo. Difu isiyobeba mzigo hainung'uniki sana, kwa hiyo hapa nilitaka tu kuwa na hakika na beringi za ekseli na ile senta beringi inayoshika propela katikati. Bisibisi ndefu, ncha kwenye beringi na mpini sikioni, magurudumu yakizunguka polepole: zote laini.

Kule kugonga nako kulijieleza. Propela ina sehemu ya meno inayoteleza kuingia na kutoka kadiri nyuma ya gari inavyoinama na kuinuka. Meno yakikauka grisi, gari likisimama yanashika, likiondoka yanaachia kwa kishindo. Unaweza kutia grisi kwenye nipo, kile kichuchu cha kupitishia grisi, kwa dakika mbili, na kitabu cha gari kinaihesabu kama matengenezo ya kawaida. Niliiacha. Wakala aione kavu kama ilivyo.

Mchana ulipita na bajaji ya klachi na sahani ya ugali.

Saa 8:00 mchana

Ripoti ni ukurasa mmoja. Mlio wa kwanza: kilomita 65 hadi 85 kwa saa, baada ya dakika ishirini za mwendo, mguu mwepesi kwenye mafuta, unatoweka ukiachia, kilele cha sauti 390 kwenye 80 na 343 kwenye 70, namna ya kuurudia. Mlio wa pili, peke yake. Picha za bolti, rekodi za sauti, kilomita na tarehe. Sikuandika "badilisheni difu". Nimeandika nilichosikia na kupima, uamuzi ni wao.

Saa 9:30 tulipiga simu Mwanza. Msimamizi alianza na lile la "mafundi wetu hawakusikia". Nikamwomba aniambie waliendesha kwa kasi gani na kwa muda gani. Akanyamaza, akaomba nimtumie rekodi. Baada ya nusu saa alipiga mwenyewe: gari liletwe, fundi wao mkuu atapanda.

Saa 11:00 jioni

Mama alirudi. Nilimwomba mambo matatu: gari lisivute tela wala kubeba asali mpaka litengenezwe, dereva akatae kuacha ufunguo kabla fundi wa kule hajapanda naye nje ya mji walau nusu saa, na chochote watakachosema wakiandike na kugonga muhuri. Wakikataa tena, Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji, na karatasi hizi ndizo atakazoanza nazo.

"Na wakisema ni kawaida ya magari haya?"

"Waambie wakupandishe jingine la aina hiyohiyo, mama, kwenye 80, likiwa limechemka. Dereva asikilize yote mawili."

Alikunja ripoti, akaiweka kwenye bahasha nyuma ya kijitabu, akamwambia dereva ajaze mafuta leo leo.