Rupia ya Mjerumani, reale na shilingi ya simba: kukadiria bei kabla nyundo haijagonga

Kila sarafu ya zamani ya fedha hubeba bei mbili. Ya kwanza ni ya madini, ile sonara anayolipa akitaka kuyeyusha. Ya pili ni nyongeza ya mkusanyaji, inayotokana na mwaka, uchache na hali ya sarafu. Wanaoumia mnadani ni wale wasiojua ya kwanza inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi.

Basi anza na mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Rupia ya Mjerumani (sarafu za kati ya 1890 na 1914) ina gramu 11.66, na fedha ni asilimia 91.7, yaani gramu 10.69 za fedha safi. Ilifuata vipimo vya rupia ya India kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa imezoeleka pwani. Reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ina gramu 28.07, fedha asilimia 83.3, yaani gramu 23.39 safi. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya 1921 hadi 1946, ina gramu 7.78 lakini fedha ni robo tu: gramu 1.94. Zile za 1948 hadi 1952 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli, ingawa bado wapo wanaoziuza kwa jina la fedha.

Bei ya fedha duniani hutajwa kwa aunsi ya madini, gramu 31.10. Ukigawanya kwa aunsi ya kawaida ya gramu 28.35, hesabu yako itazidi kwa karibu asilimia 10, na kosa hilo hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa nyongeza. Karibu reale zote utakazokutana nazo zina mwaka 1780, kwa sababu baada ya kifo cha malkia huyo ziliendelea kupigwa kwa tarehe ileile, Vienna, London, Bombay, Roma na kwingineko. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ina miaka zaidi ya 200", usiongeze hata senti kwa neno hilo peke yake. Kinachotofautisha toleo moja na jingine ni vitu vidogo: broshi ya begani, shanga za kilemba, manyoya ya tai. Kwenye ukingo lazima pawe na maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Ukikuta ukingo mtupu, au mstari wa kuungia kalibu, hiyo imemiminwa, ni bandia.

Kwa rupia za 1904 na kuendelea, tafuta herufi ndogo inayoonyesha zilikopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Miaka mingine ina herufi zote mbili, na bei zake hazilingani. (Wakati huohuo rupia iligawanywa kuwa heller 100, ndiko tulikopata neno "hela".) Sarafu za thamani ya rupia mbili, za 1893 na 1894, gramu 23.32, ni adimu na bei yake iko mbali sana juu ya madini. Kwa sababu hiyohiyo huigizwa, kwa hiyo usiinunue kwa picha tu bila uzito na kipenyo.

Hali ndiyo inayoua bei kuliko yote. Sarafu nyingi za pwani zilivaliwa shingoni. Angalia ukingo juu ya kichwa: kitanzi kikitolewa huacha alama ya kulehemu, rangi tofauti, au meno yaliyosawazishwa kwa tupa. Sarafu ya namna hiyo ihesabu karibu na bei ya madini. Kusugua kwa ndimu na majivu, au kwa dawa ya meno, hukwangua ngozi ya sarafu, na mng'ao wa asili haurudi tena. Weusi uache ulivyo.

Ukitafuta bei za minada iliyopita, tazama zilizolipwa, si zilizoombwa. Chukua mauzo matano ya mwaka na herufi ileile katika hali ileile, tupa ya juu kabisa, maana huenda ilipandishwa na watu wawili walioshindana, kisha shika wastani wa mbili za katikati. Toa thamani ya madini ya siku ile, weka ya leo. Bila hatua hiyo, mauzo ya miaka mitatu iliyopita yatakudanganya.

Halafu ada. Tuseme uko tayari kutoa dola 100 kwa jumla, usafirishaji ni 12 na ada ya mnunuzi ni asilimia 20. Toa 12, gawanya 88 kwa 1.20: mwisho wako ni 73. Mnada ukipanda kwa tano tano, simama kwenye 70. Kama kodi ya forodha itakuhusu, itoe pamoja na usafirishaji.

Muuzaji naye hukatwa. Nyundo ikigonga kwa 100 na kamisheni ni asilimia 15, anapokea 85 huku mnunuzi akilipa 120. Kwa reale ya kawaida pengo hilo hula faida yote, na sonara anayelipa asilimia 90 ya madini anaweza kuwa bora kuliko mnada. Rupia yenye herufi adimu ipeleke mnadani, na bei ya chini kabisa unayokubali iweke chini ya makadirio. Ukiiweka juu, sarafu hurudi bila kuuzwa, na wanunuzi walioiona ikirudi watataja bei ndogo zaidi mara ya pili.