Wolai na besi ndani ya ziwa moja: kwa nini ndoano hurudi tupu Mille Lacs

Ziwa Mille Lacs liko katikati ya jimbo la Minnesota, yapata kilomita 160 kaskazini mwa Minneapolis. Lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 500, lakini halina kina kirefu: penye kina kabisa hapafiki mita 13. Waswahili wa Brooklyn Park, mji wa pembeni mwa Minneapolis, na viunga vyake wanaopanda huko wikendi kuvua wolai (walleye) na besi (bass), samaki wawindaji wa maji baridi, huulizana swali lile lile. Mbona boti ya pembeni imevuta wolai mmoja baada ya mwingine, na sisi wenye chambo kile kile hatukudonolewa? Mara nyingi chambo hakina kosa. Kosa ni saa mliyotupa mshipi, na pia maji ya ziwa hili si yale ya miaka 40 iliyopita.

Kome pundamilia, aina ya kome wadogo wenye milia, waligunduliwa hapa mwaka 2005. Kila kome huchuja maji mchana na usiku, na ziwa ambalo tayari lilikuwa limeanza kung'aa likazidi kuwa jeupe. Mwaka 2009 akaonekana kiroboto-maji mwenye mwiba mrefu, mdudu mdogo anayekula vijidudu ambavyo samaki wachanga huvitegemea. Wolai wakapata tabu. Besi wa mdomo mdogo wakanenepa, kiasi kwamba mwaka 2017 jarida la Bassmaster liliweka Mille Lacs namba moja katika orodha yake ya maziwa bora ya besi nchini Marekani. Ukielewa kwa nini maji yale yale yalimbeba mmoja na kumwangusha mwenzake, nusu ya kazi umeimaliza.

Jambo lenyewe ni jicho. Nyuma ya jicho la wolai kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana ukimmulika tochi usiku macho yanawaka. Utando huo humpa uwezo wa kuona kwenye giza ambalo samaki anaowinda hawaoni kitu. Jua likiwa juu na maji yakiwa maangavu, faida hiyo haipo: hushuka kwenye kina, hulala juu ya matope, na hata ukimpitishia ruba mnono puani anaweza asishughulike. Besi ni kinyume chake, huwinda kwa kuona. Maji meupe na jua la saa nne asubuhi vinamfaa, ila na yeye anakuona wewe.

Kwa hiyo wolai mtafute mwanga unapopungua. Mwezi wa Juni jua la Minnesota huzama karibu saa tatu usiku, na muda wa dhahabu ni kuanzia saa mbili na nusu mpaka giza liingie vizuri. Wakati huo wolai hupanda kutoka kwenye kina cha mita 7 au 8 hadi juu ya miamba iliyo mita 2 au 3 tu. Lakini soma kanuni za mwaka husika kwanza: kuna miaka ambayo uvuvi wa usiku katika ziwa hili hupigwa marufuku kwa sehemu ya msimu. Kitu kingine kinachopunguza mwanga ni upepo. Mawimbi ya sentimita 30 hadi 60 huvunja miale ya jua na kutibua maji kando ya miamba, na wolai hula hata mchana. Wengi hukimbilia upande uliotulia kwa sababu unapendeza. Samaki wako upande unaopigwa.

Hapa niseme bila kuzunguka: ziwa pana lisilo na kina hujenga mawimbi mafupi yenye kuchapa, na hujenga haraka. Ukiwa na boti ya chini ya mita 5, upepo ukifika kilomita 30 kwa saa achana na miamba ya katikati. Hakuna wolai wa thamani hiyo.

Juu ya miamba, chombo cha kazi ni chelezo kinachoteleza. Funga fundo la kusimamisha kwenye mshipi wa nailoni wenye nguvu ya ratili 6 au 8, kisha ingiza ushanga, kisha chelezo, kisha bana risasi ndogo sentimita 40 juu ya ndoano namba 6. Ruba mchome upande wa mnyonyo mkubwa, ule upande mpana, ili aogelee kwa kujinyoosha. Kabla ya kutupa, ning'iniza chubwi la kubana kwenye ndoano, lishushe hadi chini, na usogeze fundo mpaka ruba aelee sentimita 20 hadi 30 juu ya mawe. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoharibu. Ruba akikaa mita moja juu zaidi, wolai anayejilaza kwenye mawe hatapanda. Akikaa chini zaidi, ananasa kwenye ufa. Chelezo chenyewe hukwambia: kikilala ubavu badala ya kusimama, basi uzito wako umekaa chini na mshipi ni mrefu mno. Kikichelewa kusimama au kisisimame kabisa, angalia ushanga pia. Tundu lake likiwa kubwa kuliko fundo, fundo linapita na kina chako kinabadilika kila ukitupa. Samaki akikizamisha usivute kwa pupa. Zungusha rili hadi uhisi uzito, ndipo uinue ufito kwa nguvu ya wastani.

Penye matope na changarawe tumia chubwi la kuburuta. Mshipi mkuu hupita ndani ya chubwi, unafungwa kwenye swiveli (kiungo kidogo kinachozunguka), halafu kutoka hapo unaweka kipande cha florokaboni (mshipi usioonekana kirahisi majini) cha ratili 6, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, na ndoano. Gramu 7 zinatosha hadi mita 6 za kina. Kuanzia hapo kwenda mita 10 weka gramu 14. Kipimo kizuri kuliko namba ni pembe ya mshipi. Ukiona umelala sana nyuma ya boti, chubwi haligusi chini hata kama unadhani linagusa. Punguza mwendo au ongeza uzito. Mwendo wenyewe ni kati ya kilomita 0.8 na 1.6 kwa saa, yaani pole pole kuliko mtu anayetembea dukani. Upepo ukikusukuma kwa kasi, tupa majini mfuko wa kitambaa wa kupunguza mwendo, au ndoo mbili zilizofungwa kamba ukikosa huo. Wolai akidonoa kwa mtindo huu, achia mshipi ukimbie sekunde tano hivi. Anaichukua ruba mkiani kwanza, na mwenye haraka hubaki na nusu ya ruba.

Ruba wenyewe wana masharti. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi hujikunja donge na hawaogelei, kwa hiyo mwanzoni mwa msimu, katikati ya Mei, tumia visamaki hai kwenye jigi (ndoano yenye kichwa cha risasi) ya gramu 3.5 au 5. Nyungunyungu huanza kufaa maji yakishapata joto. Na usiache kopo la ruba juani. Maji yao yakichemka kidogo tu wanalegea, na ruba aliyelegea hana maana.

Kisha kuna wiki zile za Juni ambapo hakuna chochote kinachofanya kazi. Wadudu wenye mabawa ya wima hutoka kwenye matope kwa mamilioni, na wavuvi huwaona wamejaa kwenye taa na kuta. Lava wao huanza kupanda kutoka chini kabla ya hapo, na wolai hushiba bila jasho. Ukimpasua mmoja tumboni utakuta wamejaa tele. Dawa ya kubahatisha ni kupunguza kila kitu: ndoano namba 8, kipande kidogo cha nyungunyungu, na kukaa ukingoni mwa matope badala ya katikati. Inasaidia kidogo. Wiki hizo ndizo za kumgeukia besi.

Besi wa mdomo mdogo, mwenye rangi ya kahawia na milia ya wima, ni mtu wa mawe. Chakula chake kikuu hapa ni kamba wa maji baridi, kwa hiyo unachotupa kiigize kamba: mrija mdogo laini wa plastiki wa sentimita 9 rangi ya kijani-kahawia, na kichwa cha risasi cha gramu 7 ndani yake. Kiache kizame hadi chini, kiburute, kisimamishe, kiruke mara moja, kisimamishe tena. Siku ambazo besi amenuna, shuka hadi kinyoo cha sentimita 7 kwenye kichwa bapa cha gramu 3 na karibu usikiguse kabisa. Siku hizo karibu kila mara hudonoa chambo kikiwa kimetulia.

Maji meupe ndiyo mtihani wa besi huyu. Boti ikimpita juu kwa mota kubwa, amekwisha kuondoka. Zima mota mbali, ingia kwa ile ya umeme au kwa upepo, na tupa mita 25 au zaidi. Mshipi mkuu uwe wa kusuka wa ratili 10, mwembamba unaokwenda mbali, na mwisho wake unga mita mbili hadi tatu za florokaboni ya ratili 8. Fundo la kuunga ndilo hukatika. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana joto la msuguano hupika florokaboni, na kata ulifunge upya baada ya samaki wawili watatu. Pitisha ukucha kwenye sentimita 50 za mwisho kila mara: kome pundamilia wana makali, na mkwaruzo usiouona ndio unaompa uhuru besi mkubwa wa siku.

Mwishoni mwa Mei na Juni, maji yakiwa kati ya nyuzi 15 na 18, utaona miduara safi kwenye changarawe yenye dume mmoja juu yake. Huyo analinda mayai. Atadonoa chochote kwa hasira, na kumvua ni rahisi mno. Lakini ukimwondoa kwa dakika chache tu visamaki vingine vinavamia kiota. Mimi ningemwacha, hata kama sheria inaruhusu.

Ndugu yake wa mdomo mkubwa ndiye yule yule aliyepelekwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, na aliyewahi kumvua kando ya mafunjo ya Naivasha hahitaji somo jipya. Mille Lacs hana nafasi kubwa, hukaa kwenye ghuba zenye majani na chini ya magati. Ndoano namba 3/0 au 4/0 yenye tumbo pana, mnyoo wa plastiki, risasi ya gramu 7 hadi 10 yenye ncha, na mshipi wa kusuka wa ratili 50. Ncha ya ndoano ifichwe ndani ya plastiki kidogo tu. Ukiizamisha sana haitoki wakati wa kukaza. Mshipi mwembamba kwenye majani ni zawadi kwa samaki.

Hali ya hewa baridi ikipita, ile siku ya pili yenye anga la buluu tupu na upepo wa kaskazini, wote watatu huwa wagumu. Wolai hushikamana na chini, mdomo mkubwa huzama ndani kabisa ya majani, na mdomo mdogo huacha kufukuza. Usibadilishe mahali kila dakika kumi. Badilisha mwendo na ukubwa wa chambo, na ubaki.

Kuhusu kuchukua samaki nyumbani: wolai wa hapa hawavuliwi kiholela. Agosti 2015 uvuvi wao ulifungwa kabla ya msimu kwisha kwa sababu mgao ulikuwa umefikiwa. Ziwa husimamiwa kwa pamoja na jimbo na makabila ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, ambao haki yao ya kuvua chini ya mkataba wa 1837 ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1999. Vipimo na idadi hubadilika, kwa hiyo kanuni za ziwa jirani si lazima ziwe za hapa. Mtu mmoja anaruhusiwa mshipi mmoja tu maji yakiwa hayajaganda. Wolai unayemrudisha usimtoe kwenye kina cha zaidi ya mita 9: kibofu chake cha hewa hupanuka na anashindwa kushuka. Julai na Agosti, maji ya juu yakipita nyuzi 21, hata aliyeogelea kwenda zake anaweza kufa baadaye, hivyo mfungue ndoano akiwa ndani ya maji. Akiwa ameimeza, kata mshipi karibu na mdomo.

Ukirudi gatini, chomoa kizibo cha boti na ukiache wazi njia nzima, maana kusafiri kikiwa kimezibwa ni kosa la kisheria Minnesota. Maji ya ziwa yamwage yote, pamoja na ya ndoo ya chambo. Ukitaka kubaki na ruba wako, beba galoni ya maji ya bomba kutoka nyumbani, iwe imekaa wazi usiku kucha ili klorini iondoke, na uwabadilishie hapo hapo kabla ya kuondoka.