Ndio maana umedumu kwako

Wifi yangu wa Kisumu mnamjua. Jumapili alipitia kwetu akielekea Nairobi, akanywa chai, kisha akasimama dirishani penye waridi langu la jangwani. Baridi hii ya Julai limepukutisha majani yote, limebaki shina lililovimba chini na matawi matupu. Akauliza nalinywesha mara ngapi. Nikamjibu kwamba miezi hii silinyweshi, labda tone tu.

"Kumbe huu mti hautaki kitu," akasema. "Ndio maana umedumu kwako."

Alisema hivyo akiutazama mlango wa chumba alichokuwa akilala mama mkwe.

Tangu hapo nimehamishwa idara kazini, upepo umeezua banda la kuku, kitinda mimba ameng'oka jino, na yote yamepita. Hilo la wifi halipiti. Nasuuza vikombe, nalisikia. Nasubiri matatu, nalisikia, na kila mara naliandalia jibu ambalo sikulitoa.

Jibu ni hili. Mama hakuondoka kwa kukosa kutunzwa. Magoti yake yalishindwa na baridi ya Nakuru, na Kisumu kuna joto. Wifi alikuwepo tukilizungumza, na ni yeye aliyekuja kumchukua.

Na huo mti, nani kasema hautaki kitu? Januari na Februari nautoa barazani uote jua la kutosha, naumwagilia hadi maji yatokee tundu la chini ya chungu, kisha nangoja udongo ukauke kabisa ndipo nirudie. Masika yakianza nausogeza chini ya paa, kwa maana mvua ya siku nyingi huozesha mizizi. Udongo wake nimeuchanganya na mchanga mnene na yale mawe mepesi ya volkeno, ambayo sisi tulio chini ya Menengai hatuyakosi. Nikikata tawi navaa glavu na watoto wanakaa mbali, kwani utomvu wake ni sumu. Wawindaji wa huku Afrika Mashariki waliupaka mishale.

Julai ndiyo ngumu kuliko zote. Usiku baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, mti unalala, na mkono unakuwasha kuumwagilia kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo inayouua. Kwa hiyo kila asubuhi nabonyeza shina. Likiwa gumu, salama. Likinywea kidogo huku udongo ni mkavu, hiyo ni kiu tu. Likibonyea na udongo una unyevu, basi kuoza kumeanza. Kuzuia maji ni kazi, jamani, na inataka mtu anayekaa karibu na kutazama.

Nilikuwa nimefika hapo kwa hasira zangu, Alhamisi jioni, mama akapiga simu. Hakuuliza kuhusu kazi wala wajukuu.

"Waridi langu la Marigat limeshapukutika?"

"Limepukutika, mama."

"Umebonyeza shina?"

"Leo asubuhi. Ni gumu."

"Basi liache. Hata kule Baringo hukaa uchi hivyo hivyo kwenye mawe, halafu likachanua kabla ya majani. Wewe unalijua. Huyu mwenzako hapa angeshalizamisha."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha tukaongea habari za omena na bei yake, na za jirani yake anayefuga bata. Sikumwambia alichosema wifi na sitamwambia. Wifi anamkanda yale magoti kila usiku, mama mwenyewe ndiye aliyeniambia.

Sasa ni saa nne usiku. Baba watoto alitoka Malaba na mzigo mchana, na mara ya mwisho alipiga akiwa Timboroa, akasema ukungu umeshuka na malori yamesimama kando ya barabara. Alitakiwa awe ameshapita Salgaa. Nimempigia tena sasa hivi, hapatikani.